SWALI LILELILE

SEHEMU YA 1

Zamu ya leo nimeitoka salama, nimeoga, nimekaa kibarazani, na mwenzenu nina jambo limenikaa moyoni muda mrefu. Nitaliandika kwa sehemu tano maana ni refu, na najua bando za wengine ni za kubahatisha.

Kwa wageni: mimi ni nesi wa kliniki ya mama na mtoto, kituo kimoja cha afya huku mkoani Morogoro. Nikitoka kazini nafuga kuku wa kienyeji. Sio biashara jamani, mtu asije akanidai hesabu ya faida. Ni mapenzi tu. Wengine wakitoka kazini wanaangalia mpira, mimi naangalia kuku.

Mwaka 2019 tulianzisha kundi la WhatsApp la watu wenye ugonjwa kama wangu. Tulikuwa 11, wote tunajuana. Sasa tunakaribia 400, na mimi ni mmoja wa viongozi watatu wa kundi.

Kama umewahi kuwa kwenye kundi la watu wanaopenda kitu kimoja, iwe mapishi, maua, pikipiki au ushonaji, basi unajua kila kundi lina swali lake lisilokufa. La kwetu ni hili: "Habari za humu. Kuku wangu wamezubaa, hawali, wanaharisha kijani. Nitumie dawa gani?"

Linakuja Jumatatu. Linajibiwa vizuri kabisa, watu wanaandika mpaka vidole vinauma. Alhamisi linakuja tena kutoka kwa mtu mwingine, karibu neno kwa neno. Jumapili tena, safari hii na picha. Na ukifika msimu wa mdondo kupita mitaani, linakuja hata mara tatu kwa siku.

Mwanzoni nilikuwa najibu yote. Mdondo, ambao wengine mnauita kideri, unaletwa na kirusi. Kuku akishaupata hakuna dawa ya kuutibu. Kinga yake ni chanjo, na chanjo hutolewa kuku wakiwa wazima. Nimeandika sentensi hizo mara ngapi, sijui. Ikafika mahali nikiona tu neno "wamezubaa" na mimi nazubaa.

Nikatunga sheria. Nilikaa siku mbili za mapumziko nikaandaa faili la kurasa 14: magonjwa, chanjo, banda, chakula, vifaranga, kila kitu. Nikalibandika juu ya kundi, na chini yake nikaandika kwa herufi kubwa: KABLA YA KUULIZA SOMA KWANZA. ATAKAYEULIZA SWALI LILILOKWISHA KUJIBIWA ATATOLEWA.

Wakongwe walifurahi mno. Mmoja akaandika, "Safi sana nesi, kundi lilishaanza kuwa chekechea." Wiki ile swali likaja mara mbili tu. Nikajisemea, dozi imefanya kazi.

Sikujiuliza kama watu wameacha kuwa na swali, au wameacha kuuliza.

Kesho inaendelea.


SEHEMU YA 2

Asanteni kwa maoni ya jana. Nimeona wengi mmesema na makundi yenu yako hivyohivyo. Tuendelee.

Ilikuwa mwaka jana, mwezi wa tisa, saa tatu usiku. Nilikuwa nimesimama siku nzima, miguu imevimba, nimeiweka juu ya stuli. Simu ikalia. Namba ngeni, imeongezwa kundini wiki ileile: "Shikamooni. Bibi anauliza kuku wake wamezubaa wanaharisha kijani atumie dawa gani."

Kabla sijashika simu watu watatu walishamjibu. "Soma juu." "Soma juu." "Swali limejibiwa, soma juu mkuu."

Na mimi nikaandika. Naweka hapa nilichoandika kama kilivyokuwa, maana nimekirudia kichwani mara nyingi: "Swali hili limejibiwa Jumatatu. Fungua faili lililobandikwa, lina kila kitu. Sheria ni sheria."

Akajibu: "Sawa. Asanteni."

Asubuhi nikakuta ile namba imejitoa kundini. Na niseme ukweli, sikuumia. Nilisema moyoni, mmoja kapungua.

Zikapita kama wiki tano. Siku ya Jumanne niko kliniki, ile elimu ya afya ya asubuhi. Mnaoleta watoto mnaijua: mabenchi yamejaa, watoto wanalia, wengine wananyonya, na nesi amesimama mbele anaeleza. Nilikuwa nimemaliza kueleza chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na kwamba mtoto anaweza kupata homa kidogo baada ya sindano. Nikafundisha cha kufanya. Dakika tano hazijapita, mama mmoja kijana, uzazi wa kwanza, akanyoosha mkono: "Samahani nesi, na mtoto akichemka baada ya sindano nafanyaje?"

Alikuwa nje anambadilisha mtoto nepi, hakusikia. Wenzake wakaguna.

Nikamjibu upya, mwanzo mpaka mwisho. Mnyonyeshe mara kwa mara, mpunguzie nguo, dawa ya homa utapewa hapa na utaelekezwa kiasi chake kwa uzito wa mtoto. Akikataa kunyonya, akipata degedege au homa ikiendelea, mlete bila kungoja tarehe ya kadi. Nikamwambia na yeye anirudishie nilichosema, nijue kama amenielewa. Akanirudishia. Nikamwambia vizuri mama.

Swali lile nimelijibu kwa miaka 12. Na nyuma yangu ukutani kuna bango kubwa lenye jibu lake. Sijawahi hata siku moja kumwambia mzazi "soma ukutani".

Watu wakaanza kupanga foleni ya mizani. Bibi mmoja aliyemsindikiza mkwe wake akanisogelea.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Samahani, wewe siye yule nesi wa kundi la kuku?"

Nikashtuka. Nikamuuliza amenijuaje.

"Sauti. Mjukuu wangu alikuwa ananifungulia maneno yako ya sauti, yale ya kujenga banda. Nikisikia sauti siisahau." Kisha akasema, "Huku unajibu vizuri sana."

Hakuwa ananipiga kijembe. Alikuwa ananisifu. Ndiyo maana iliniingia kama sindano.


SEHEMU YA 3

Nilimwomba aningoje. Saa saba mchana, watu walipopungua, tukakaa naye kwenye benchi la chini ya mwembe. Haya ninayoandika amenipa ruhusa, ila vitu vidogovidogo nimevibadilisha asitambulike.

Simu ni ya mjukuu, aliyekuwa darasa la saba wakati huo. Ni simu ndogo, imejaa, faili langu la kurasa 14 lilikataa kufunguka. Hata lingefunguka, bibi macho yake hayasomi herufi za simu. Mjukuu alimwambia, "Bibi, wamesema tusome juu." Bibi akamuuliza juu wapi.

Alikuwa na kuku 31. Kesho yake alienda dukani akauziwa antibayotiki ya unga, ya kuchanganya kwenye maji. Akawapa siku mbili. Antibayotiki haiui kirusi, hilo mimi kama nesi nalisema kila siku kwa habari ya mafua ya watoto. Kuku wakaendelea kuanguka. Wengine shingo zikapinda, wengine wakapooza mabawa.

Ila kulikuwa na tisa wanaoonekana wazima. Bibi akafanya alichoona ni cha busara, na hata mimi ningekuwa sijui ningefanya hivyohivyo: akawatia kwenye tenga, akawapeleka kwa mdogo wake ng'ambo ya mto, wapone huko.

Mdogo wake alikuwa na kuku wake zaidi ya 20, wazima, hawajachanjwa.

Mnajua kilichofuata. Kuku anaweza kuwa na mdondo ndani siku kadhaa kabla hujaona dalili yoyote. Wale tisa waliupeleka. Ndani ya wiki mbili, banda la ng'ambo nalo likabaki manyoya.

"Kuku nitafuga tena," bibi akaniambia. "Ila mdogo wangu hasemi na mimi. Anasema nilijua wanaumwa nikampelekea makusudi, ili tulie wote."

Kuku wale ndio walikuwa madaftari na sare za mjukuu akienda sekondari. Na kwa mdogo wake walikuwa na kazi zao kama hizo.

Nimeliwaza jambo hili sana na sitaki kujidanganya upande wowote. Hata ningemjibu kwa upole usiku ule, kuku wake wengi wangekufa. Dawa haipo, na chanjo haimponyi kuku ambaye tayari anaumwa. Kwa hiyo mtu anaweza kusema jibu lisingesaidia kitu.

Lakini angalieni swali lenyewe. Alichouliza ni "dawa gani". Alichotaka kujua ni "nifanye nini usiku huu". Na cha kufanya kilikuwepo: usiuze, usimpe mtu, usihamishe hata mmoja, mizoga ifukie chini sana au choma, usiende kwenye banda la mtu na viatu ulivyoingilia kwako. Hayo yote yako kwenye faili langu, ukurasa wa sita. Niliyaandika mwenyewe, vizuri, na kwa mpangilio.

Kazini tunajua kitu kimoja: elimu ambayo mama hakuipata ni sawa na ambayo haikutolewa, hata kama umeiandika kwenye rejista. Kwenye kuku nilisahau. Niliona kwa kuwa jibu lipo, basi mwenye kosa ni muulizaji.

Kesho nitaeleza ya mzee wetu mmoja, maana na yeye ana haki yake.


SEHEMU YA 4

Nilipolipeleka jambo hili kwa viongozi wenzangu, nikasema sheria ya kutoa watu tuifute, aliyepinga zaidi ni mzee mmoja mfugaji wa siku nyingi. Wote tumejifunza kwake. Kutotolesha kwa mashine, kuchagua jogoo wa mbegu, kuchanganya chakula, ni yeye.

Alisema hivi, na nayaandika kwa heshima: "Nesi, wewe unalipwa kujibu maswali kliniki. Mimi hapa silipwi. Nilikuja kuzungumza na watu wa kuku, nikute jipya. Nikifungua simu nakuta lilelile la jana. Mtu hajasumbuka hata dakika moja kutafuta, anataka mimi nisumbuke nusu saa kumwandikia. Hiyo nayo si adabu."

Jamani, ana kosa gani? Hana. Mimi mwenyewe kliniki nina mshahara, nina saa za kuingia na kutoka, nina mwenzangu wa kunipokea. Kumwambia mtu aliyekuja kupumzika ajibu swali moja mara 100 huku anatabasamu, huo ni uonevu. Na wakongwe wakichoka hawagombani, wananyamaza tu. Siku moja unashtuka kundi lina wauliza peke yao, na wanaojibu ni wale wasiojua. Hapo ndipo mtu anaambiwa awape kuku mafuta ya taa.

Kwa hiyo kuna wawili wa kulindwa: anayeuliza kwa mara ya kwanza, na anayejibu kwa mara ya mia. Ukimlinda mmoja ukamwacha mwingine, kundi linakufa.

Wakati tunabishana hayo, kukatokea jambo. Kijana mmoja akaandika: "Kuku wangu wamezubaa, hawali, nitumie dawa gani?" Mtu akaandika "mdondo, soma juu". Mwingine akaongeza "mdondo huo, pole". Yule mzee, nadhani kwa hasira za kutaka kunionyesha ujinga wa swali, akamuuliza: "Wamezubaa wangapi? Tangu lini? Wanaharisha rangi gani? Upanga wa kichwani una rangi gani?"

Kijana akajibu. Ni wanne tu, na wote wanaatamia. Wiki ya pili sasa. Hawaharishi. Upanga umepauka. Mzee akamwambia apige picha ya uso kwa karibu. Picha ikaja: viroboto wamejipanga kuzunguka macho na kwenye upanga, weusi tii, kama mtu amemwaga mbegu za mchicha.

Haukuwa mdondo. Kuku walikuwa wananyonywa damu kwenye viota. Akaelekezwa atoe nyasi zote za viota azichome, asafishe banda, kuku wapate majivu ya kujigaragaza, na dawa ya wadudu aulizie kwa mtaalamu wa mifugo wa kata. Wiki mbili baadaye kuku wakawa wanadonoa kama kawaida.

Tungemwambia asome juu, angesoma habari za mdondo, angekata tamaa, na kuku wangeisha kwa kitu ambacho majivu na ufagio vingekipunguza.

Mzee hakusema nimeshinda. Aliandika tu: "Swali lilikuwa lilelile, ila kuku walikuwa wengine."


SEHEMU YA 5 (ya mwisho)

Wengi mmeniuliza faraghani, sasa mnafanyaje? Naweka hapa, mwenye kundi lake achukue kinachomfaa.

Kwanza, zamu. Hili nimelitoa wodini. Kila wiki watu wawili wana zamu ya maswali ya mara kwa mara. Wengine wote wakiona swali lile wanapita, hawajibu na hawamkemei mtu. Zamu ikiisha unakabidhi kwa mwenzako: nani ana kuku wagonjwa, wamefikia wapi. Kwa watu karibu 400, hata wakikubali 40 tu, zamu inakufikia mara mbili au tatu kwa mwaka. Huko kuchoka hakupo.

Pili, swali hujibiwa kwanza kwa maswali manne ya mzee: wangapi, tangu lini, wanaharisha rangi gani, upanga ukoje. Mimi nimeongeza la tano: walichanjwa lini. Hayo ndiyo maongezi ya kwanza, dawa baadaye.

Tatu, lile faili la kurasa 14 tumelikatakata. Sasa ni jumbe za sauti, kila moja chini ya dakika moja, kila moja na jambo moja. Mwenye zamu hana haja ya kuandika upya, anautuma tu ule unaohusika, na anaongeza salamu yake. Hiyo salamu tumekubaliana isikosekane.

Nne, wakongwe wana kikundi chao cha pembeni cha kuzungumza mambo mazito, ilimradi wanashika zamu huku. Mzee ameshika mbili. Majibu yake bado makali, lakini anajibu.

La tano ndilo lililonifundisha zaidi. Tulijiuliza kwa nini swali ni hilo daima na sio jingine. Kliniki, kina mama kumi wakiniuliza kitu kimoja, natazama kwanza nilivyofundisha. Tukawauliza watu kwa nini hawachanji. Wengi hawakuwa wajinga wala wabishi. Walisema chanjo ya mdondo inauzwa kichupa kinachotosha kuku mamia, na wao wana kuku 12. Ukishakifungua na kukichanganya, hakilali. Nani atanunua cha mamia kwa ajili ya 12?

Basi hapo ndipo swali lilikuwa linazaliwa, na sisi tulikuwa tunapigana nalo likishakua. Sasa kila baada ya miezi mitatu tuna siku ya chanjo kwa mitaa. Watu wa mtaa mmoja wanachanga, kichupa kimoja kinazunguka asubuhi kabla kuku hawajafunguliwa, tone moja jichoni kwa kila kuku. Chanjo tunayotumia ni ya I-2, inavumilia joto kuliko nyingine, lakini bado tunaibeba kivulini, hatuiachi juani. Msimu wa mwaka huu swali limekuja. Limekuja mara chache zaidi. Halijaisha, na halitaisha, maana watu wapya wanaingia kila wiki na kuku wao.

Na mimi bado nachoka. Msinione malaika. Kuna usiku naona "wamezubaa" nageuza simu kifudifudi. Tofauti ni kwamba sasa najua kuna mwenye zamu.

Bibi amerudi kundini. Nilimwomba radhi siku ileile pale chini ya mwembe, akacheka, akasema "ulikuwa umechoka, mwanangu". Tulipokuwa tunarekodi zile jumbe za sauti, huu wa kutohamisha kuku nilimwomba auseme yeye. Mjukuu akamshikia simu. Ni sekunde 40 tu. Anasema, wanangu, kuku wakianza kuumwa, hata yule unayemwona mzima usimpeleke kwa ndugu yako. Mimi nilimpeleka.

Huo ndio ujumbe tunaoutuma kuliko mwingine wote. Hakuna hata mmoja aliyeusikiliza akauliza mara ya pili.

Mdogo wake? Siku ya chanjo ya mwezi wa sita tulivuka mto, tukachanja kuku wake saba aliowaanza upya. Bibi alikuwa anashika kuku, mdogo wake anafungua mlango wa banda. Wanaamkiana. Bado hawajakaa jamvi moja, lakini wanaamkiana.

Mwenye kundi lake aniambie swali lenu lisilokufa ni lipi. Na wewe mwenye kuku ambao hawajachanjwa tangu miezi mitatu iliyopita, usingoje wazubae. Uliza hapa, hata kama mwenzako ameuliza jana.

Usiku mwema.